Nilivyobandua Majina Kwenye Funguo

Bi Zuhura, mkuu wa mapokezi wa hoteli yetu hapa Malindi, hufunga kikaratasi chenye jina la mgeni kwenye kila ufunguo. Siku ile nikayachapa majina yote kwenye kompyuta mpya, kisha vikaratasi nikavitupa.

"Itagawa vyumba yenyewe," nikamwambia.

Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, ilikuwa sawa, ila polepole. Kwa kupenda sifa, nikaiambia itumie kipande cha programu nilichokiandika kwa lugha ya mashine yenyewe, mambo yaende mbio. BASIC ni mkalimani mpole. Ukikosea hukwambia umekosea mstari gani. Lugha ya mashine haikwambii neno. Nami nilikosea, na kwenye kaseti ya kuhifadhia kazi ya kompyuta sikuwa nimehifadhi kitu.

Basi la wageni likafika. Nikabonyeza. Kioo cha kompyuta kikaganda.

"Vipi?" akauliza Bi Zuhura.

"Inapanga."

Wageni wakamaliza madafu yao, mimi bado nasema inapanga. Mwishowe nikaizima, nikaiwasha. Ikaamka haina hata jina moja.

Bi Zuhura akanisogezea kapu la funguo mbele ya wageni wote.

"Haya mwanangu, sasa panga wewe."