Watoto wa Watu Kwanza

Siku niliyoanza kazi ya kulea watoto, Mama Mchungaji hakuniuliza kama nimewahi kulea. Aliziona mvi zangu, zikamjibu. Aliniuliza: "Mama Aline, unaweza kukaa?"

Nikadhani ananikaribisha kiti, nikakaa. Akacheka, akanishika mkono kuniinua. "Si hivyo, mama. Kulea, kila mwanamke atakuambia anajua. Mimi nauliza kukaa. Mzazi amekuachia mtoto wake asubuhi. Ndugu yako anapiga simu analia, nyumba yako inaungua moto, na wewe unakaa na mtoto wa mtu mpaka mwenyewe arudi. Unaweza?"

Nikasema naweza. Ni rahisi kusema naweza siku ya kwanza, wakati hakuna kinachoungua.

Ilikuwa mwaka 2015, baridi ikianza, katika mtaa wa Doornfontein, Johannesburg. Krechi, ndivyo wanavyoita kule nyumba ya kulelea watoto mchana, ilikuwa chini ya jengo la fleti, na juu yetu mafundi cherehani walikanyaga mashine zao kutwa nzima. Nilikuwa nimetoka Uvira kumfuata binti yangu Aline, msusi wa nywele, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanapumzika. Mwenye krechi, huyo Mama Mchungaji, alikuwa mke wa mchungaji, Mkongomani wa Lubumbashi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Wazazi wetu walikuwa wasusi, wachuuzi na walinzi, watu ambao wasipokwenda kazini leo, leo hakuna chakula.

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mna vyeti, na ni vizuri. Sisi tulifundishwa na mikono ya Mama Mchungaji. Alinifundisha kwanza kupokea. Kupokea si kumchukua mtoto na kusema asante. Unamgusa paji la uso, unamtazama macho, unaweka sikio kifuani usikilize pumzi, na yote hayo unayafanya mama yake bado amesimama mlangoni. "Mama akishageuka," alisema, "homa ni ya kwako." Kisha alinifundisha kulaza: kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, wasikoholeane usoni. Akanifundisha kuvisha. Mtoto havikwi nguo moja nene, anavikwa tatu nyembamba, ili jua likitoka umvue moja, na upepo ukija umrudishie. Na mbaula, lile jiko la makaa, haliingii chumba wanacholala watoto hata barafu ikianguka, maana moshi wake unaoua hauonekani.

Baridi ya Johannesburg ilinishangaza kuliko kazi yenyewe. Kwetu baridi inakuja na mawingu, unaiona ikishuka mlimani. Kule anga ni jeupe, jua linawaka, unatoka na gauni jepesi, na ukiingia tu kivulini unaumwa kama na jino. Asubuhi moja nilikuta maji ya beseni yamefunikwa na kitu kama kioo. Nilikigonga kwa kidole nikaita watu waje waone. Hakuna aliyekuja. Gogo mmoja wa Kizulu, ndivyo wanavyomwita bibi kule, aliyefanya kazi jikoni alisema, "Eish, mama, ni barafu tu," akaendelea kukoroga uji.

Mwaka 2017 Mama Mchungaji alifungua tawi la pili, nyumba ndogo karibu na Jules Street huko Malvern, akaniweka mkuu wa pale. Mkuu asiye na wa kumtuma, lakini mkuu. Tulipewa chumba cha uani tuishi humo: mimi, Aline, na binti yake Precious, aliyezaliwa kule kule Johannesburg. Precious alisikia Kiswahili chote, hata umbea, ila hakukisema. Ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, akikasirika kwa Kizulu. Mimi aliniita Gogo.

Mwaka uliofuata, mwanangu wa kiume aliyebaki Uvira alimtuma mtoto wake, Baraka, kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anasafiri. Mama yake Baraka alikuwa amefariki. Mtoto alikuwa na miaka sita, mmoja zaidi ya Precious, na hakujua neno la Kiingereza. Yeye aliniita Koko, kama tunavyowaita bibi kwetu. Basi katika chumba kimoja nikawa na majina mawili, na wajukuu wawili waliogombea blanketi moja kila mmoja kwa lugha yake. Baraka hakuwa amepata nafasi shuleni, kwa hiyo wote wawili walishinda nami krechi. Mama Mchungaji alikubali kwa sharti moja: "Hapa ndani hawana bibi. Watoto wa watu kwanza."

Sasa niwaambie habari ya Jumamosi ile.

Ilikuwa Agosti, mwezi mwongo kuliko yote. Asubuhi kulikuwa na joto hata wazazi wakaleta watoto na vifulana. Jumamosi ni siku ya saluni kujaa, kwa hiyo Aline alitoka mapema, na mimi nilipokea watoto wanne wa wasusi wenzake, mmoja wao kichanga wa miezi michache. Pamoja na wajukuu wangu walikuwa sita. Nilianika magodoro uani yapigwe na jua.

Kabla ya chakula cha mchana Precious na Baraka waligombana. Baraka alikuwa amevunja kikombe cha Precious cha maua. Nilisikia Precious akimpigia kelele kwa Kiingereza kwamba atarudishwa kwao. Baraka hakujua Kiingereza, lakini neno hilo moja, kwao, alilielewa kutokana na kidole kilichoonyesha mlango. Nikawatenganisha, huyu kona ile, yule kona hii, nikarudi kwa kichanga aliyekuwa analia.

Upepo ukageuka. Sijui niueleze vipi. Ulikuwa unatoka huku ukiwa na vumbi na joto, mara ukatoka upande wa kusini ukiwa umelowa. Anga likawa la rangi ya bati. Nikafunga kichanga mgongoni, nikawaamuru wengine waingie, nikakimbilia magodoro. Nilipoingiza la mwisho, mawe ya barafu yalianza kugonga paa, kisha mvua iliyochanganyika na theluji, na umeme ukakatika. Nikawahesabu watoto. Wanne. Nikahesabu tena nikitaja majina. Precious hayupo. Baraka hayupo. Lango dogo la mbele lilikuwa wazi, linapigwapigwa na upepo.

Nilisimama mlangoni nikaita mpaka koo likauma. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna mtu. Mguu wangu mmoja ulikuwa nje. Nyuma yangu watoto watatu walikuwa wanalia gizani, na wa nne alikuwa mgongoni mwangu. Nikimtoa kichanga kwenye mvua ile, namuua. Nikimwacha na watoto wa miaka mitatu, namuua vilevile.

Nikapiga simu kwa Aline. Iliita, haikupokelewa, msusi akiwa na kichwa cha mtu mikononi hasikii simu. Nikampigia Mama Mchungaji.

"Wajukuu wangu wametoka," nikamwambia. "Wako nje kwenye barafu."

Akauliza, "Wa watu wako wangapi?"

"Wanne."

"Usitoke, mama. Mimi natoka Doornfontein sasa hivi, lakini barabara zimefungana. Usitoke. Unanisikia?"

"Mama Mchungaji, ni damu yangu."

"Najua ni damu yako. Usitoke."

Nilimchukia kwa moyo wote. Lakini niliurudisha mguu ndani.

Chumba kilichoegemea ukuta wa krechi upande wa uani alipanga Papa Nestor, Mrundi, mlinzi wa usiku ambaye mchana ndio usiku wake. Niligonga ukuta kwa mwiko, nikagonga na kupiga yowe, mpaka akatokea na blanketi mabegani, macho mekundu. Nilimwambia maneno matatu tu. Hakuuliza la nne. Alivaa koti lake la kazini, akachukua tochi, akatoka mbio.

Ndipo ikaja kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, nayo ilikuwa kuvisha watoto soksi. Niliwavisha nguo za akiba, moja juu ya nyingine, vifungo nikivifunga kwenye matundu yasiyo yake. Niliwakusanya juu ya godoro moja, nikawafunika, nikaimba. Mtoto anasoma uso wa mlezi. Ukiogopa anaogopa, akiogopa anaacha kula, anapoteza joto. Kwa hiyo niliimba huku sikio langu lote liko langoni. Kila mlio wa bati nilisikia mtoto anabisha hodi. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia paa linavuja.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa na Papa Nestor baadaye. Baraka alikuwa ametoka kwenda kwao. Alikuwa na hakika kwamba akifuata barabara kubwa atalikuta basi lililomleta. Precious alimwona akitoka, akamfuata kumrudisha, na kwa kuwa Baraka hakumwelewa walivutana njia nzima hadi karibu na roboti, zile taa za kuongoza magari. Hapo mvua ikawakuta. Jules Street imejaa wauza magari yaliyotumika, na mwenye yadi moja alikuwa amefunika magari yake kwa turubai ili mawe ya barafu yasiyabonde. Watoto wakajipenyeza chini ya turubai, nyuma ya gari la mizigo. Mwenye yadi akafunga geti, akaondoka bila kujua.

Papa Nestor alipita hapo mara ya kwanza akiita, hakujibiwa. Baraka alichungulia kwenye upenyo, akaona koti la mlinzi bila uso, akamziba Precious mdomo, maana watoto wote wa wahamiaji kama sisi wameambiwa wakimwona mtu wa sare wanyamaze. Alipopita mara ya pili alisikia sauti ya msichana ikipiga kelele kwa Kiswahili: "Papa Nestor! Tuko huku! Baraka hatetemeki tena!"

Ni Precious. Tangu aanze kusema hajawahi kunipa hata neno moja la lugha yangu, na siku hiyo alitoa hayo yote kwa pamoja.

Papa Nestor aliruka geti. Alimleta Baraka ndani ya koti lake, Precious akikimbia kando ameshika pindo. Baraka alikuwa amevaa sweta la Precious juu ya shati lake lililolowa, midomo ya buluu, maneno yakimtoka nusunusu. Wengi hufurahi mtoto aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka. Msifurahi. Hapo ndipo mwili umechoka kujipigania. Nilimvua nguo zote zilizolowa, nikamkausha bila kumsugua, nikafungua blauzi yangu nikamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi juu yetu wote. Precious nilimkausha akaingia katikati ya wale watoto wengine kama mkate kwenye tanuri.

Aline aliingia wakati huo, nywele za kusukia zimemnatia kwenye gauni. Alikuwa ameona simu yangu. Alipomwona Baraka alikwenda moja kwa moja kwenye birika lililokuwa juu ya jiko la gesi. "Tumtie kwenye maji moto!"

"Hapana. Damu ya baridi iliyoko miguuni itakimbilia moyoni. Mwache hapa."

"Anakufa, mama!"

"Mwache hapa, Aline."

Tulikaa hivyo, yeye na birika mkononi, mimi na mtoto kifuani. Kisha nikasikia meno ya Baraka yanagongana. Alikuwa ameanza kutetemeka tena. Sijasikia ngoma tamu kuliko ile. Alipoweza kumeza nilimpa chai ya sukari kijiko kwa kijiko, na Mama Mchungaji alipofika na gari alimpeleka kliniki, mtoto akiwa anauliza kama kikombe cha Precious kinaweza kugundishwa.

Alikohoa wiki nyingi, akapona. Aline ndiye aliyechelewa kupona. Jioni ile, wazazi wote wakiwa wamekuja na kuchukua watoto wao wakavu, alinigeukia. "Ulikuwa unawaimbia watoto wa watu," alisema, "na wa kwetu wako barabarani." Nikageukia mablanketi nikayakunja. Baada ya hapo tulizungumza chumvi iko wapi na nani atafua, si zaidi. Mwaka mzima karibu.

Watoto wenyewe walisahau. Baraka alijifunza Kiingereza, Precious akaendelea na Kiswahili, kibovu, chenye Kizulu ndani, lakini cha kwake. Blanketi waliendelea kuligombea.

Nilistaafu mwaka 2019 kwa sababu ya magoti. Mlezi asiyeweza kuinuka haraka sakafuni ni hatari kwa mtoto. Sasa nina muda wa kufikiri. Watu huniuliza kama ningetoka mlangoni siku ile iwapo ingejirudia. Nimelitafakari sana, na kila mara nawaona wale wanne gizani, na kila mara naurudisha mguu ndani, na kila mara unauma. Kama mnatafuta kazi isiyouma, vijana wangu, msichukue hii.

Mama Mchungaji alitafuta mtu wa kushika nafasi yangu miezi kadhaa. Kumbe alikuwa amemwomba Aline, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa kusuka, na Aline alikuwa amekubali bila kuniambia. Nilijua asubuhi alipoanza. Nilikuwa bado kitandani, wao wakidhani nimelala. Ilikuwa likizo ya shule, Precious na Baraka wangeshinda naye krechi. Alikuwa anawafunga viatu.

"Tukiingia mle krechi," aliwaambia, "msiniite mama, wala shangazi."

"Tukuiteje?" Precious akauliza.

"Mwalimu. Kama wenzenu."

"Na mtu akinipiga?" akauliza Baraka.

"Utangoja zamu yako, kama wenzako." Kisha nikasikia sauti yake imekuja upande wangu. "Mama, najua hujalala. Hilo neno la watoto wa watu kwanza, wewe uliliwezaje?"

"Sikuliweza," nikamwambia. "Nililifanya tu."

Alikuja akanivuta blanketi hadi mabegani, akawashika watoto mikono, wakatoka.