Kipaza Sauti na Mtani Wangu

Nilipaswa kukikataa kile kipaza sauti. Mkuu wangu wa kituo alininyooshea mbele ya askari kumi na wawili, saa nne asubuhi, barabarani Ifakara, akasema, "Sajenti, sauti yako wanaijua. Watangazie watawanyike." Nilijua maandamano yale ni halali, kwa sababu barua ya taarifa niliipokea mimi, na mhuri niliugonga mimi. Ningeweza kusema, "Afande, hawa wana haki ya kupita." Nilinyoosha mkono nikakipokea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, vyama vingi bado ni kitu kipya kama kiatu cha sikukuu. Kila kona ilikuwa na bendera. Watu waliotoka Namawala kuuza mpunga walichelewa kurudi kwa sababu ya kubishana siasa, na mimi, ingawa nilivaa sare na sikuruhusiwa kushabikia chama chochote, nilikuwa nikichangamka kila niliposikia ngoma ikipita. Nilimaliza kidato cha nne nikifundishwa kwamba chama ni kimoja. Sasa watu walisimama kwenye jukwaa la mbao wakasema wanachotaka, kisha wakaenda nyumbani kula. Ilinisisimua, sikatai.

Barua ililetwa na fundi baiskeli wa pale sokoni, ambaye alikuwa katibu wa tawi la chama kimojawapo kipya. Yeye alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, mimi Mngoni wa Songea. Babu zetu walipigana, kwa hiyo sisi wajukuu tulikuwa watani: ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, na wajibu wa kuzikana. Msibani kwa Mngoni, Mpogoro ndiye anayenyakua jembe, anayejilaza kaburini akigoma kutoka mpaka apewe kuku, anayewafanya wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka.

"Gonga mhuri, Mngoni, kabla sijakuzika," alisema akiegemea kaunta ya kituo.

"Tangu lini Mpogoro akajua kuandika? Nani kakushikia kalamu?"

"Mkeo."

Kaunta nzima ilicheka. Kisha tukafanya kazi. Siku mbili kabla ya maandamano, kama taratibu zilivyotaka, tulipanga njia pamoja: kutoka stendi hadi uwanja wa mpira, upande wa kushoto, barabara ya hospitali iachwe wazi, hakuna fimbo wala panga. Msimu ulikuwa wa mavuno, na akina mama walikuwa wameanika mpunga kwenye maturubai kandokando ya barabara. Nikamwambia, "Mtu asikanyage mpunga wa watu." Akasema, "Hilo hata usingesema."

Siku yenyewe niliwasikia kabla sijawaona. Kengele za baiskeli! Mia mbili, labda zaidi, zikilia kwa pamoja, kwa sababu fundi aliwaambia kila mwenye baiskeli aje nayo. Vumbi lilipanda, ngoma nyuma, akina mama wakipiga vigelegele, vijana wamefunga vitenge kwenye usukani. Na walipofika penye mpunga, msafara wote ulijikunja kama mto, ukapita mmoja mmoja pembeni ya maturubai, punje haikuguswa. Nikajisemea, kumbe inawezekana. Kumbe kazi ya polisi inaweza kuwa hii, kusimama na kuwafungulia watu njia.

Fundi alikuwa mbele, akisukuma baiskeli yake. Aliponiona akapaza sauti, "Haya, leo tunamzika Mngoni! Sajenti, umeaga nyumbani?"

"Tunamzika!" wakaitikia wote, wakicheka.

Mkuu wangu alikuwa na wiki tatu tu Ifakara, mtu wa mkoa wa mbali. Alibadilika uso. "Umesikia? Wanatishia kukuua."

"Ni mtani wangu, afande. Ni Mpogoro."

"Mtani ni cheo gani kwenye sheria?"

Askari wawili nyuma yangu walicheka chinichini, nikaona aibu. Hapo ndipo aliponinyooshea kipaza sauti. Na niseme ukweli kuhusu kilichopita kichwani: jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kwenda kozi ya kupandishwa cheo kuwa mkaguzi, na saini iliyobaki ilikuwa yake.

Nikatangaza. "Kwa amri ya polisi, mkusanyiko huu si halali! Tawanyikeni sasa hivi!"

Wakacheka. Walicheka kwa furaha, wakishikana mabega, maana aliyesema ni mimi, Mngoni, na aliyeambiwa ni Mpogoro, na mji mzima ulitujua.

"Tawanyika wewe kwanza, una matege!" fundi alijibu, na kengele zikalia tena kumshangilia.

Nikarudia mara ya pili. Kila nilivyokaza sauti ndivyo walivyozidi kucheka. Kama angetangaza mkuu mwenyewe, kwa ile lafudhi yake ngeni, naamini wangesimama na kuuliza kulikoni. Mimi ndiye niliyefanya amri ionekane mzaha. Mara ya tatu niliona fundi amenitazama usoni vizuri, tabasamu likafifia taratibu. Alielewa. Akageuka kuwainulia wenzake mkono wasimame, lakini mkuu aliona mkono ulioinuliwa, akadhani ni ishara ya kushambulia, akasema, "Haya."

Askari wakaingia na virungu. Baiskeli zilianguka moja juu ya nyingine, kengele zikalia zenyewe chini. Watu walikimbia kupita juu ya mpunga, mama mmoja akilikumbatia turubai lake na kupiga kelele, "Mpunga wangu jamani! Tumewakosea nini?" Kirungu kilimpata fundi kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, mkono uleule alioinua. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, kipaza sauti bado mdomoni, na sikusema kitu.

Hakuna aliyeniadhibu. Kozi nilikwenda, nikapata cheo. Yeye mkono wake uliunga vibaya. Nati ya ekseli hakuweza kuikaza tena kwa spana, kibanda akakifunga, akaenda Malinyi kulima. Nilimfuata mara moja kumwomba radhi. Alinikaribisha kiti, akanipa maji, akasema, "Yamekwisha." Nikamchokoza, "Mpogoro, hata kuku hunichinjii?" Akasema, "Karibu sana, afande." Wala hakucheka.

Mke wangu alipofariki, nilikuwa nimeshastaafu. Nilituma ujumbe Malinyi. Alikuja, amevaa shati safi, akanipa mkono wa kushoto, akasema, "Pole sana, afande," akaenda kukaa mkekani na wageni wengine. Jembe lilikuwa limeegemezwa pale pale, kaburi liko wazi, watu wakimtazama yeye. Hakulishika. Tukazika kimya.

Maandamano yale yangechukua nusu saa kufika uwanjani. Kwa kuyazuia nilimharibia mtu mkono wa kazi na nikampoteza mtani wangu. Siku yangu itakapofika, hakuna atakayejilaza kaburini mwangu.