Vigae vya Kijani Kati ya Nyota

Hata leo nikipita barabara ya Mlimba nageuza uso, kwa sababu upande ule kuna msikiti mdogo wenye ukuta wangu, na nikiukumbuka damu inachemka. Mke wangu huniambia hasira hasara. Sawa, hasara nimeshaipata, basi niachieni hasira yangu.

Mimi ni fundi wa vigae, Mkatoliki wa Lipangalala, wazazi wangu walitoka Mahenge. Maisha yangu yote ni kuweka vigae vyooni kwa watu. Shehe wa msikiti ule aliponiita nipambe mihrabu, pale ukutani anaposimama imamu kuswalisha, nilijua hiyo ndiyo kazi watakayoonyeshwa wajukuu zangu: hii alifanya babu yenu.

Vigae vililetwa na mfadhili kutoka Dar. Vya buluu vilikuwa nyota za pembe nane, vya kijani vilikuwa vya kujaza nafasi katikati. Ukipanga nyota za namna hiyo ncha kwa ncha, lazima ibaki nafasi yenye mikono minne. Hakuna ujanja. Shehe alinionyesha picha kwenye simu yake: misikiti ya nchi za mbali imepambwa hivyo hivyo tangu enzi na enzi. Nilifanya kazi siku tisa, pekupeku, uzi na pimamaji mkononi, nikitoka nje kila ikisomwa adhana. Nilipofuta grauti ya mwisho kwenye maungio ya vigae, shehe alisimama mbele ya ukuta, akafuta macho kwa mkono wa kanzu.

Siku ya kumi akatokea mzee mmoja wa kamati ya msikiti, ambaye muda wote ule alikuwa Mchombe kwenye mavuno ya mpunga. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Mtu mzima, unaamkiwa shikamoo, unanyamaza! Akanyoosha kidole kwenye vigae vya kijani.

"Hivi ni nini?"

"Vigae, mzee."

"Misalaba! Huyu Mkatoliki katujazia misalaba kibla!"

Jamani! Nilimweleza, shehe akamweleza, picha akaonyeshwa. Wapi! Asiyejua maana haambiwi maana. Wenzake waliokuwa wakinisifia jana yake nao wakaanza kukuna ndevu, eti kweli, ukitazama vizuri. Nikafukuzwa kama mwizi wa kuku. Jumapili kanisani nako wakanipa mkono huku wakicheka, eti hongera, umewahubiria. Wapumbavu, huku na huku! Mimi sikumhubiria mtu. Niliweka vigae.

Wiki ileile wakaleta mtu mwenye nyundo na tindo, akang'oa vigae vya kijani kimoja kimoja, nyota wakaziacha. Shehe alinipigia simu kunipa pole, na nyuma ya sauti yake nilisikia tindo linagonga. Nililia, na sioni aibu kusema. Mashimo wakayaziba kwa simenti nyeupe.

Mwezi haukuisha, yule mzee wa kamati akapiga hodi kwangu. Nikamwamkia. Safari hii marahaba ilitoka haraka. Akakaa, akawa anazungusha kofia yake mikononi.

"Fundi, njoo utusaidie. Mwanzoni ilibidi mtu aitafute. Sasa ukiingia tu mlangoni inakutazama, myeupe, mikubwa. Watu wanaswali wamefumba macho."

"Nini kinawatazama?"

"Misalaba."

"Vigae vyangu vya kijani viko wapi?"

"Vilivunjika vyote. Tulifukia navyo dimbwi pale njiani."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia, "Mzee, mimi niliwawekea nyota. Hiyo misalaba mmeichonga wenyewe."

Akainama. "Lakini inatoka, fundi?"

"Inatoka," nikamwambia. "Ng'oeni na nyota."