Mama Wawili, Kadi Moja ya Rambirambi

Nianze kwa kukiri: nilimwaibisha mama yangu mbele ya ukumbi mzima, tena siku aliyovaa kitenge kipya, na kosa lote lilitoka kwenye mdomo wangu huu huu. Wenzangu wa kanisani huniomba niwasimulie kisa hicho wacheke kidogo, haya, chekeni, lakini mimi sijawahi kuufikia mwisho wake nikiwa bado nacheka.

Mimi na mama tulikuwa tunasoma Kiingereza pamoja kila Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja hapa West Side, Buffalo. Mwalimu wetu Linda, bibi mstaafu anayetoka Kenmore, alikuwa amefika kwenye somo la kufanya kimoja kiwe vingi na la kuonyesha kitu ni cha nani, na alipoona tunasinzia akatuchorea ukoo ubaoni: mama, dada wa mama, watoto wa dada wa mama. Mimi (niliyeishia darasa la sita kwenye kambi ya wakimbizi na bado naota kuwa mkalimani wa hospitali, msinicheke) nililipenda somo lile kupita kiasi. Mama yeye alibishana na ubao.

"Dada yangu ni mama yake huyu," alisema akininyooshea kidole. "Donc, iko na bamama babili."

Nilipomtafsiria kwamba eti nina mama wawili, mwalimu akatabasamu, akasema hapa mama ni mmoja.

Wiki ileile Mama Nyota, dada mkubwa wa mama, akafariki kule Louisville, mtaa wa Iroquois. Nilipoenda kuomba ruhusa kwenye ghala ninapofunga maboksi, msimamizi wetu, Derek, akauliza nani amekufa. Jibu la ubaoni nilikuwa nalo kichwani, safi kabisa, lakini nilijua pale ukifiwa na anti unapewa pole na ukifiwa na mama unapewa siku tatu, halafu kwetu kumwita mama mkubwa anti ni kama kumfungia mlango akiwa nje kwenye theluji, basi nikasema: mama yangu. Na nililia kweli. Derek akanishika bega.

Tukapanda basi mpaka Columbus, kwa Furaha, binti wa marehemu, akatupeleka Louisville kwa gari lake, tukazika, tukarudi. Yangeishia hapo. Lakini kozi ilipokwisha mwalimu akasema tualike watu kwenye sherehe, nami nikamwalika Derek, nikitumaini akisikia Kiingereza changu atanitoa kwenye maboksi anipeleke ofisini. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba mama atakuwepo. Yaani mama ninayeketi naye meza moja!

Derek akaja na wafanyakazi wawili, wamebeba maua meupe na kadi ya rambirambi iliyotiwa sahihi na zamu nzima. Walitaka kunipa mbele ya watu, kwa heshima.

Kila mwanafunzi alitakiwa asimame aseme sentensi moja ya familia. Mama alikuwa ameifanyia mazoezi ya kwake wiki nzima jikoni, anasonga bugali huku anairudia. Akasimama, akaweka kitenge sawa, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye ni mama yake Riziki. Ukumbi ukapiga makofi. Derek hakupiga. Akatazama maua, akanitazama mimi.

"Riziki," akasema, na wala hakuwa mkali, ndiyo maana iliniuma, "sasa sisi tumemlilia nani?"

Kueleza kungechukua dakika mbili tu, jamani, mbili. Lakini niliiona kazi inatoka mlangoni, nikasimama nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, kila neno mahali pake: aliyekufa hakuwa mama yangu, alikuwa dada wa mama yangu tu. Mwalimu Linda, maskini, akaitikia kwa kichwa kwa furaha, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimepatia.

Mama akaketi.

Sikufukuzwa. Derek alinipa onyo, akayaacha maua mezani maana hakujua ampe nani. Tukatembea na mama mpaka mlangoni kwetu.

"Mimi nilikuzala, ni kweli," akasema. "Lakini siku ile tulikimbia vita nilikuwa mugonjwa, dada yangu njo alikubeba ku mugongo, Furaha wake akatembea na miguu. Leo umemukana mbele ya bazungu."

"Mama, niliogopa kupoteza kazi."

"Bon. Kazi iko. Ingia ndani, usichelewe ku kazi."

Kozi mpya ilipoanza mama hakujiandikisha. Anasema Kiingereza alichoelewa siku ile kinamtosha. Mimi naenda peke yangu, na nimeapa kwamba mtu akiniuliza nina mama wangapi nitasema wawili, mmoja amelala Louisville, na anayetaka kunifukuza kazi anifukuze. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza.