Kipimo cha Baruti Hakitafutiwi Wastani

Ipo Jumamosi moja ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, na nimeona nikusimulie kabla hujafungua kopo la baruti. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekutangulia kwa miaka michache tu. Lakini juzi ulinitumia video ya mtu asiyeonyesha hata sura, anajaza risasi huku anapiga soga, ukaniuliza kama unaweza kufuata kipimo chake. Nililala vibaya. Swali hilo nalijua, maana liliwahi kuwa langu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya takwimu, naishi na mama kwenye fleti pale Berea. Leseni ya bunduki ya kuwindia nilikuwa nayo, ila risasi zilizoifaa zilikuwa adimu madukani, nikaamua kujijazia. Kazi ya mikono haitishi: unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudishia umbo, unaweka fataki mpya, kile kiwashio cha baruti, kitakoni, unapima baruti, unakaza kichwa cha risasi juu yake. Kilichonitisha ni kipimo. Baruti ikizidi, bunduki inaweza kupasuka, na shavu lako limeegemea hapo hapo.

Basi nikasoma. Nilisoma mpaka mama akaniuliza kama narudi chuo. Kila ukurasa ulikuwa na mjuzi wake, kila mjuzi na namba yake, na kila aliyempinga mwenzake alinifanya nifungue ukurasa mwingine. Mwishowe nikafanya nilichofundishwa kufanya na namba nyingi: nikazikusanya zote, nikatafuta wastani. Nilijiona mwangalifu kupita kiasi. Mmoja akikosea, niliwaza, wengi watamsahihisha.

Jumamosi hiyo nikaenda uwanja wa shabaha na Tantine Solange; Tantine ni shangazi kwa Kifaransa chao. Ni rafiki wa mama kanisani, Mkongo wa Bukavu, mfamasia kule Isipingo, na amejaza risasi zake mwenyewe tangu mimi niko shule. Nilipotoa zangu, akaokota moja, akaigeuza.

"Iko nzuri kwa macho," akasema. "Kipimo ulipata wapi?"

"Nilikusanya vya watu wengi, Tantine. Nikapiga wastani."

Akavua vizibo vya masikio. "Rudia."

"Wastani. Ili kosa la mtu mmoja lisinidhuru."

"Eish! Hao watu, wote walikuwa na baruti yako?"

"Majina yanafanana."

"Yanafanana! Mgonjwa akikuja kwangu na ordonnance ya daktari, dawa ya presha, nimupe nusu yake na nusu ya jirani yake, juu majina inafanana?"

Baba Juma, Mtanzania anayeendesha malori ya bandarini, alikuwa meza ya pili akitusikiliza. Akacheka. "Mwache msomi apige moja tu, tuone."

"Sawa," Tantine akamjibu. "Njoo usimame karibu yake. Hapana, karibu zaidi. Weka sura yako pale."

Baba Juma akakumbuka kwamba chai yake inapoa.

Sikupiga hata moja. Njiani kurudi nilimwambia Tantine kwamba nitauza mizani na vifaa vyote, kwa sababu mtu mwenye hofu kama yangu hafai kwa kazi hii. Tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, iko nyekundu, akanigeukia.

"Hofu yako iko nzuri, mtoto wangu. Wenye hawana hofu ndio wananitisha. Ila umeipa kazi mbaya. Umeituma kutafuta watu wengi. Itume kutafuta mwenye kujua."

Kesho yake baada ya ibada tulikaa kwake. Kwanza tukazivunja risasi zangu kwa nyundo ya plastiki inayong'oa kichwa bila kugonga fataki, na baruti iliyotoka hatukuirudisha koponi. Kisha akaniambia nisome kopo kwa sauti, herufi kwa herufi, na boksi la vichwa vya risasi vilevile, uzito wake na aina yake. Ndipo akafungua kitabu kilichotolewa na kiwanda kilichotengeneza baruti ile, toleo jipya. Tukalinganisha na kitabu cha kiwanda cha vichwa. Zile namba zangu? Nyingine zilikuwa za kichwa kizito zaidi, nyingine za baruti tofauti kabisa. Wastani wangu ulikuwa kipimo cha risasi isiyokuwepo duniani.

Tulianza na kipimo cha kuanzia kilichoandikwa kitabuni, kile cha chini kati ya vitabu viwili. Jumamosi iliyofuata nikapiga. Mlio ulikuwa wa kawaida kabisa. Nikalikagua ganda, nikaikagua fataki, kama zina dalili ya baruti kuzidi, nikampa Tantine naye akakagua. "Piga ingine," akasema, akaendelea na ndizi yake. Sijawahi kufurahia jambo la kawaida namna ile.

Kwa hiyo, mwanangu, achana na video ile. Anza na kitabu cha waliotengeneza baruti uliyonayo, kisha kihakikishe kwa kingine. Ukibadilisha kitu chochote, hata fataki tu, hesabu kwamba hujui kitu na urudi kwenye kipimo cha kuanzia. Vitabu vikigongana, waandikie kiwanda. Wanajibu, na hawakucheki. Mezani liwe kopo moja tu la baruti, simu iwe chumba kingine. Sheria ya unachoruhusiwa kujaza na kuhifadhi waulize polisi wa leseni, usiniulize mimi. Na tafuta mtu mzoefu kwenye klabu ya shabaha atakayekaa nawe mara za kwanza. Nikiwa na nafasi nitakuja, nitauliza maswali mengi mpaka uchoke.

Hofu yako usiione aibu. Mungu akulindie macho, vidole na masikio. Akupe subira ya kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho, na siku utakapopiga risasi uliyoijaza kwa mkono wako, akurudishe nyumbani unacheka.