Mikono ya Sweta ya Wafula

Wiki jana binti yangu alirudi kutoka shuleni amelowa chapachapa, akavua sweta yake na kuitupa juu ya kiti jikoni, karibu na jiko la makaa. Haukupita muda jikoni kukajaa harufu ya sufu iliyolowa inapoanza kupata moto. Ni harufu nzito, ya mnyama kidogo, yenye moshi na chaki na jasho la mtoto ndani yake. Nilikuwa nakata sukuma. Nikaweka kisu chini, nikatoka uani, nikasimama huko mpaka mvua ikanilowesha na mimi. Binti yangu akachungulia mlangoni akauliza, "Mama, ni nini?" Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni. Watu wazima hatujui kudanganya, ila watoto hutuonea huruma na kutuacha.

Harufu hiyo ni ya ndugu yangu Wafula. Kwetu Wabukusu, mtoto wa kiume akizaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula. Mimi nilizaliwa wakati wa mavuno, ndiyo maana ni Nekesa. Basi ndugu yangu akapewa jina la mvua, halafu mvua yenyewe ikawa adui yake. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Akipigwa na baridi au akikosa maji ya kunywa, mifupa yake ilianza kumuuma mpaka akalia bila sauti. Kama mmewahi kumwona mtoto akilia bila sauti, hamhitaji nieleze zaidi, na kama hamjawahi, msiombe kuona.

Bungoma tulikozaliwa kuna joto la kumfaa mtoto kama yule. Lakini baba alipofariki mama alifuata kazi Kitale, na Kitale, ninyi mnaoishi huku mnajua, baridi yake haibishi hodi. Tukapanga chumba kimoja katika mtaa wa Kipsongo, chenye mabati yaliyotoboka, na mama akapata kibarua katika shamba la mahindi ya mbegu upande wa Saboti. Lori liliwachukua yeye na wanawake wenzake alfajiri na kuwarudisha jua likizama. Mama alikuwa mwepesi wa kazi na mwepesi wa mkono vilevile. Ukimjibu vibaya, mwiko ulikufikia kabla hujamaliza sentensi, na wakati mwingine ulikuja na ugali wake.

Kwa kuwa mama hakuwepo mchana, Wafula alikuwa mikononi mwangu. Mimi nilikuwa darasa la sita, yeye la pili, shule moja. Sweta yake ya kwanza aliipoteza, kwani jua likiwaka aliivua na kuiacha popote. Hivyo ile ya pili, ya kijani, ya mtumba, yenye mikono mirefu ya kukunjwa mara mbili, nilikabidhiwa mimi. Saa sita alinipa, jioni nilimvalisha. Kila alfajiri mama alisema maneno yaleyale huku akifunga kitambaa kichwani.

"Kengele ikilia unaenda kwa Wafula. Unamvalisha sweta, unampatia maji, mnarudi nyumbani kabla ya mvua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia ama unasema tu umesikia?"

Alinijua. Neno langu kubwa utotoni lilikuwa "nakuja". Mama akiita nikateke maji, nakuja. Mwalimu akiita nifute ubao, nakuja. Nililitamka kwa sauti tamu, ya mtoto mtiifu kabisa, kisha nikaendelea na nililokuwa nafanya. Kwangu lilikuwa jibu, halikuwa ahadi. Lilimnyamazisha aliyeniita, na mimi nikapata dakika tano, kumi, nusu saa. Niliziona dakika hizo kuwa zangu, wala sikujiuliza zilikuwa zinatoka kwa nani.

Na nilizitumia kwenye blada. Tulikata mipira ya ndani ya baiskeli, tukaiunganisha kuwa kamba ndefu ya kuvutika, wasichana wawili wakaishika na wengine tukairuka, kuanzia vifundo vya miguu mpaka mabegani. Sikuwa mzuri wa hesabu wala wa kuimba, lakini blada nilikuwa naiweza. Ili rinda lisipeperuke, nilichukua sweta ya Wafula nikaifunga kiunoni, mikono yake nikaipiga fundo mbele, mara mbili, nikaikaza.

Siku ninayowasimulia ilikuwa ya Julai. Mvua ya Kitale miezi hiyo huteremka kutoka Mlima Elgon kila alasiri, karibu kwa saa ileile, na mtu yeyote mwenye macho huiona ikija. Kengele ililia. Wasichana wa darasa la saba walikuwa wametukaribisha kuruka nao, heshima ambayo sikuwa nimewahi kuipata, na mimi nilikuwa nimefika mabegani, wa mwisho kwa upande wetu. Wafula akaja akasimama kando na mkoba wake.

"Nekesa, twende. Mawingu imekuja."

"Nakuja."

Nikaruka. Akasogea karibu. "Nekesa, si twende."

"Nakuja!"

Mara ya tatu alinivuta rinda nikakosa hatua, nikamgeukia kwa hasira. "Si utulie! Kwani mvua itakukula, bana?"

Wasichana wa darasa la saba wakacheka. Nitawaambia ukweli, maana nimekaa nao peke yangu muda mrefu: nilifurahi kwamba wamecheka. Yote mengine ya siku ile nimeyatafutia sababu. Hilo halina sababu.

Sikumwona akiondoka. Nilikuja kushtuka mvua ya mawe ilipoanza, tukakimbilia chini ya paa la madarasa, tukipiga kelele na kusukumana kwa raha. Nikatia mkono kiunoni nijipanguse, nikashika sweta. Niliwauliza wenzangu kama wamemwona Wafula, mmoja akasema alitoka getini zamani.

Nilikimbia. Nilimkuta nusu ya njia, kwenye baraza ya kisiagi cha unga, mwenye mashine amemfunika gunia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na meno yalikuwa yanagongana. "Nilikungoja," akasema. Hakuwa analalamika, alikuwa ananieleza tu. Wakati huo sweta ilikuwa imeshanyonya mvua kiasi cha kutiririka. Nikaifungua kiunoni, na badala ya kumwachia lile gunia kavu, nikamvua nikamvalisha sweta iliyolowa, nikakunja mikono mara mbili, nikamnywesha maji. Ndivyo nilivyoagizwa. Mwenye kisiagi aliniita nirudi nilichukue gunia, lakini mashine yake ilikuwa inanguruma, nami nilishamshika ndugu yangu mkono nikamburuta nyumbani.

Mama aliporudi alimkuta kitandani, amejikunja, magoti kifuani, akilia bila sauti. Akauliza nini kimetokea. Nilikuwa natafuta uongo, lakini Wafula akanitangulia.

"Mimi ndio nilikimbia," akasema. "Nekesa aliniita nikakataa."

Mama aliiokota sweta chini, akaikamua, akainyoosha ili aitundike kwenye waya juu ya jiko. Akaitazama, hasa mikono yake, kwa muda ambao mimi niliona ni mrefu mno. Kisha akaninyanyulia macho. Mwiko ulikuwa mezani, karibu na mkono wake. Nilijikunyata kabisa, nikafumba macho, nikangoja.

Niliposikia mlango, nikafumbua. Mama alikuwa ametoka kwenye mvua. Kupitia ukuta wetu wa mabati nilimsikia nyuma ya nyumba, akihema kama mtu aliyepanda kilima na mzigo. Alirudi maji yakimtoka usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Washa jiko. Chemsha maji. Uji yake iwe nyepesi." Halafu akaenda kumwita jirani mwenye pikipiki.

Wafula alilazwa siku kumi na moja. Aliporudi, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekuwa mzito, na tangu hapo alitembea akiuburuta kidogo. Nilijifunza kutembea mwendo wake bila kuambiwa.

Jumamosi iliyofuata mama alinipandisha lori twende shambani. Sikuwa nimewahi kuiona kazi yake. Katika mahindi ya mbegu, mistari mingi hung'olewa mbelewele, lile suke la unga linalochomoza juu ya mhindi, na mstari mmoja mmoja huachwa ili unga wake ndio uichavushe mingine. Mbelewele moja ikifunguka mahali isipotakiwa, inachafua mbegu ya majirani zake wote. Kwa hiyo wanawake hupita kila siku, mstari kwa mstari, wakizing'oa kabla hazijafunguka. Mama aliziita mberewere, kwa ulimi wetu wa Bungoma. Alinitembeza kwenye umande mpaka akapata moja iliyowaponyoka jana. Akaing'oa, akashika kiganja changu, akaigongesha hapo. Vumbi la manjano likamwagika, jingine likachukuliwa na upepo.

"Hii mberewere jana ilikuwa imefungwa," akasema. "Kuna mtu aliiona akasema, nakuja. Sasa rudisha hiyo unga ndani."

Nilitazama kiganja changu. Nilidhani anazungumza habari za kazi yake, nikaogopa kwamba labda anazungumza habari zangu.

"Ukiitwa," akasema, "simama kwanza. Kujibu utajibu ukiwa umesimama."

Hiyo ndiyo hotuba yote niliyopewa. Mama alirudi kwenye mstari wake, na mimi nikawa nyuma yake nikiokota zilizoanguka, mpaka lori lilipokuja.

Nilibadilika, lakini msifikiri nilibadilika kwa siku moja. Mara nyingi ulimi ulisema nakuja miguu ikiwa bado imekaa, ikanibidi niifukuze. Hatukuwa na saa nyumbani, kwa hiyo nilijifunza kuisoma siku. Kivuli cha mlingoti wa bendera kikifika kwenye maua, nilijaza chupa ya maji. Mlima ukipotea nyuma ya wingu, nilifunga vitabu kengele ikiwa haijalia. Blada niliruka wakati wa chakula cha mchana, dakika chache, na mtu akiniita nilitoka hata kama nimefika mabegani. Wasichana waliniita mama mkwe. Wafula alikuwa akinikuta mlangoni pa darasa lake sweta mkononi, akasema, "Ati leo umekuja mapema tena!" kila siku, kana kwamba ni ajabu mpya.

Kama hadithi hii ingekuwa ya kuwafurahisha, ningeishia hapo. Wafula alifariki miaka miwili baadaye, mwezi wa Januari. Hakukuwa na mvua wala baridi. Alikuwa amevaa sweta, maji alikuwa amekunywa, na mwalimu wake aliponiita nilikuwa kwake kabla hajamaliza kulitaja jina langu. Nilifanya kila kitu kwa wakati wake, na ndugu yangu akafa siku ya tatu tangu maumivu yaanze. Tulimzika Bungoma, kando ya baba, katika vumbi la kiangazi. Nilikasirika miaka mingi. Mtu anapojifunza kitu kwa gharama kubwa namna ile, anatarajia angalau kimfae.

Sasa turudi wiki jana. Harufu ya sweta ya binti yangu haikuniacha, na Jumamosi nikaenda Bungoma kwa mama. Nilimkuta barazani, mgongo umepinda, akiambua maharagwe. Nikakaa chini nikamsaidia, na katikati ya maharagwe nikasema nililoshindwa kusema tangu utotoni: kwamba siku ile Wafula hakukimbia, aliningoja.

"Najua," mama akasema bila kuinua kichwa. "Mikono ya sweta ilikuwa imejikunja kama kamba. Uliifunga kiuno."

"Mbona hukunichapa?"

Aliambua maganda mawili, matatu. "Nilitaka. Usidhani sikutaka. Nilienda nyuma ya nyumba nikashika ukuta. Nikajiuliza, nikimpiga huyu leo vile roho yangu inataka, kesho nani ataenda kumchukua yule? Nilikuwa na wewe tu."

Ndugu zangu, miaka yote hiyo niliamini mama hakujua, na siku nilizojipendelea niliamini alijua akanisamehe. Hakuna lililokuwa kweli. Alijua, hakunisamehe, na akaimeza hasira yake kwa zile dakika chache kwenye mvua, kwa sababu mtoto wake mgonjwa alihitaji mtu wa kumleta nyumbani na mtu huyo alikuwa mimi. Kama amekuja kunisamehe baadaye, sijui. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa.

"Nekesa," akasema, akikung'uta maganda mapajani, "niletee ungo."

Nilikuwa nimeshasimama.