Miguu ya Mkasi

Kinyozi huyu wateja walimpachika jina la Mkasi, ingawa siku hizi ananyoa kwa mashine. Alikuwa na miaka thelathini na ushei miguu ilipoanza kumgomea. Akichuchumaa kuokota kitana, hainuki mpaka ashike kiti. Siku moja akaanguka mlangoni pa duka lake, mchana kweupe, na mteja mmoja akaangua kicheko: "Fundi, leo umeyapiga mapema!" Mkasi hagusi pombe. Alicheka naye, lakini ilimuuma.

Shangazi yake, aliyemlea baada ya baba yake kufariki, ndiye aliyemkokota hospitali. Akapimwa damu, akakatwa kinyama kidogo cha paja, wakangoja majibu.

Daktari wa misuli aliwaeleza kwamba ndani ya seli zipo protini walezi, zinazozishika nyingine zisijikunje vibaya na kugandana. Walezi hao hawajiamulii. Wanaelekezwa na protini wasaidizi: shika hii, sasa iachie.

"Msaidizi wako mmoja ana kasoro ya kuzaliwa nayo," alisema. "Anatakiwa kutulia mpaka ahitajike. Huyu hatulii. Anamsumbua mlezi ovyo, kazi inalala, uchafu unajazana kwenye misuli."

"Yaani ndani yangu kuna mnyapara mropokaji," Mkasi akasema.

Daktari alitabasamu. "Ndiyo. Na dawa ya kumnyamazisha bado hatuna. Fanya mazoezi mepesi, usijichoshe."

Shangazi akauliza, "Anaweza kuwa ameirithi kwa baba yake?"

"Inawezekana kabisa. Kasoro ya mzazi mmoja inatosha."

Shangazi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kaka yake alikuwa akishindwa kupanda ngazi, na ukoo mzima ukamwita mvivu. "Niliwaambia kaka anaumwa," alisema. "Nani alinisikia?"

Jioni hiyo aliwapigia simu ndugu zake mmoja mmoja. Wengine waliomba radhi. Mmoja alisingizia mtandao mbaya, akakata.

Mkasi alinunua kiti kirefu chenye magurudumu, akashusha viti vya wateja, akaanza kunyoa ameketi. Wiki ya kwanza alimharibia mtu ndevu. Baadaye mkono ukazoea.

Binti yake bado mdogo. Kila akimwona anaruka kamba uani, Mkasi huitazama miguu ya mtoto kwanza. Yeye na mkewe wamekubaliana kwamba akishakua, ataamua mwenyewe kama anataka kupimwa.